Kifua au pua? Namna ya kuuliza habari za kikohozi cha mtoto kwenye utafiti wa kaya

Nimefanya kazi kwenye tafiti tatu kubwa za kaya: mbili nikiwa mdadisi, moja nikiwa msimamizi wa timu. Watu wakisikia hivyo huniuliza posho ilikuwa kiasi gani. Vijana wanaoitwa kwenye mafunzo kwa mara ya kwanza huniuliza namna ya kulimaliza dodoso la mwanamke kabla mama wa watu hajachoka na kunyanyuka kwenda shambani. Mimi huwaambia urefu wa dodoso watauzoea ndani ya wiki moja. Kitakachowatoa jasho ni maswali matatu mafupi yaliyojificha kwenye sehemu ya afya ya mtoto: je, mtoto alikohoa, je, alihema kwa haraka au kwa shida, na je, shida hiyo ilitoka kifuani au puani.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaotarajia kushika kishikwambi, na kwa yeyote anayesoma takwimu za magonjwa ya kifua kwenye ripoti akidhani daktari alipita nyumba kwa nyumba na kipimo shingoni. Hakupita. Aliyepita ni mdadisi, akakaa kwenye mkeka na mama anayechambua mchele.

Namba inavyozaliwa

Hapa Tanzania maswali hayo yamo kwenye utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria, ambao Ofisi ya Taifa ya Takwimu huuendesha pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar. Wa kwanza ulifanyika 1991/92. Ule wa 2022 ulipita kwenye maeneo 629 ya kuhesabia watu, kila eneo kaya 26, jumla kaya 16,354 zilizochaguliwa, na wanawake 15,254 wa miaka 15 hadi 49 wakahojiwa.

Sasa tupige hesabu ya vidole. Kaya 26 za kijijini zinaweza kukupa watoto ishirini na kitu wenye umri chini ya miaka mitano. Kati ya watoto mia, wanaokutwa na dalili za kifua ndani ya wiki mbili huwa wachache tu. Kwa hiyo eneo zima unaweza kuondoka na mtoto mmoja mwenye dalili, au usiwe na hata mmoja. Huyo mmoja ukimkosea, umelikosea eneo zima. Na kwa kuwa kila kaya iliyochaguliwa inasimama kwa niaba ya kaya nyingi zisizofikiwa, kosa lako litazidishwa huko mbele bila wewe kujua.

Ndiyo maana kaya haibadilishwi. Ukikuta mlango umefungwa unarudi mara ya pili, na ya tatu, kwa saa tofauti. Jirani atakuita: "Njoo kwangu, mimi wangu anakohoa tangu juzi." Mwitikie kwa heshima, mwambie jina lake halikutoka, upite. Wengine watadhani mmekuja kuandikisha kaya maskini kwa ajili ya fedha za TASAF, na hapo kila mtoto wa kitongoji ataanza kukohoa. Tangulia kwa mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na balozi wa nyumba kumi, au kwa sheha kama uko Unguja na Pemba, na uwaombe waseme hadharani kwamba hakuna fedha wala sukari itakayogawiwa.

Kwanza umri

Kabla ya kikohozi kuna tarehe ya kuzaliwa. Maswali ya magonjwa yanawahusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa miaka minne na miezi kumi anakuletea kurasa kadhaa za maswali. Wa miaka mitano na mwezi mmoja hakuletei kitu. Saa nane mchana, jua la utosi, njaa inauma, kishawishi cha kuirudisha tarehe ya kuzaliwa miezi mitatu nyuma ili mtoto avuke mitano ni kikubwa kuliko mnavyofikiri. Nasema wazi kwa sababu wachambuzi wa takwimu wanalijua jambo hili miaka mingi. Wakichora watoto kwa umri wao wanaona shimo kwenye miaka minne na kichuguu kwenye mitano, na wanajua kabisa kwamba wanawake hawakuacha kuzaa mwaka huo mmoja. Omba kadi ya kliniki. Mama akisema imepotea, muulize mtoto alizaliwa msimu gani: wakati wa kupalilia, wakati wa Ramadhani, kabla au baada ya uchaguzi.

Kadi hiyohiyo itakuonyesha chanjo. Itazame kwa makini sehemu ya chanjo ya nimonia, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2013 na hutolewa mtoto akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Usiulize "Alichomwa ya nimonia?" ilhali kadi iko mapajani mwake. Nakili tarehe.

Jambo moja linalowachanganya wengi: katika utafiti huu wanaojibu maswali ya ugonjwa wa mtoto ni mama zao wa kuzaa. Bibi anayelea wajukuu walioachwa hataulizwa habari za vikohozi vyao, hata kama yeye ndiye anayekesha nao. Tafiti za UNICEF zinazoitwa MICS humuuliza mlezi mkuu endapo mama hayupo. Bibi mmoja huko Lindi aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeshakuwa mama yao, yule mwenzenu yuko Dar." Nilimpa shikamoo nyingine, nikaeleza, na bado aliniona sina adabu. Jiandae kwa hilo.

Wiki mbili zinapimwa vipi

Mama hakumbuki tarehe. Anakumbuka matukio. "Wiki mbili zilizopita" ni maneno ya ofisini. Ukiyatupa hivyohivyo, mama atakujibu habari za kikohozi cha mwezi uliopita kilichomtisha, au atasahau cha Jumanne iliyopita kilichokuwa kidogo.

Kila ninapoingia kijiji kipya, jioni ya kwanza humuuliza mwenyekiti: gulio ni siku gani? Nani amefiwa karibuni? Kulikuwa na harusi, mkutano, mechi, mvua kubwa? Natafuta tukio moja lililotokea siku kumi na nne nyuma, au karibu na hapo, ambalo kila mtu analijua. Kisha badala ya kumwachia mama "wiki mbili" zikielea hewani, nauliza swali kama lilivyoandikwa, halafu naongeza: "Yaani tangu lile gulio la juzi juzi, si hili la jana wala la wiki iliyopita, lile la kabla yake, mpaka leo." Macho yanabadilika. Anaanza kuhesabu mwenyewe kwa magulio.

Kuongeza alama ya siku kunaruhusiwa. Kubadilisha swali hakuruhusiwi. Tofauti hiyo ishike, maana ndiyo mpaka wa kazi yako yote.

Neno "kifua" lina matumbo mawili

Hapa tukae kidogo.

Swali la kwanza ni kama mtoto aliugua kikohozi. La pili ni kama alihema haraka haraka, kwa pumzi fupi fupi, au kwa shida. Akijibu ndiyo kwa la pili, unaingia la tatu: shida hiyo ya kuhema ilitokana na tatizo la kifua, au pua iliyoziba au kutoka makamasi? Majibu ni kifua tu, pua tu, vyote viwili, kingine, hajui. Mtoto anayeingia kwenye hesabu ya dalili za maambukizi ya njia ya hewa ni yule ambaye shida yake ya kuhema imehusishwa na kifua. Aliyezibwa pua peke yake haingii. Kwa maneno mengine, mpaka kati ya mafua ya kawaida na tishio la nimonia, kitaifa, umechorwa na swali hilo la tatu.

Na Kiswahili chetu kinalitegea swali hilo mtego. Mama wa Pwani akisema "mtoto ana kifua," mara nyingi anamaanisha anakohoa. Basi. Kikohozi kikavu, kikohozi cha makohozi, kikohozi cha vumbi, vyote ni "kifua". Tena kuna "amebanwa na kifua," ambacho ni kitu kingine: hapo mtoto anahema kwa tabu. Na kuna "mafua yamemshuka kifuani," ambayo ni pua iliyohamia chini kwa maelezo ya mama. Sasa wewe ukimuuliza "kifua au pua?" baada ya dakika tano za kuzungumza habari za "kifua" kwa maana ya kukohoa, atakujibu "kifua" kwa sababu ndilo neno lililo mdomoni. Hajakudanganya. Amejibu swali la kwanza kwa mara ya pili.

Mimi nilinaswa. Kwenye utafiti wangu wa kwanza, siku ya tatu, nilikuwa na akina mama wanne kwenye kitongoji kimoja na wote wanne niliwaandikia "kifua tu". Jioni msimamizi wangu akaniuliza, "Hawa wote wanahema kwa mbavu?" Nikakaa kimya. Asubuhi tukarudi wote wawili. Tulipouliza vizuri, wawili walikuwa na watoto wenye makamasi na pua zilizoziba waliokoroma usiku, mmoja alikuwa na kikohozi bila shida yoyote ya kuhema, na mmoja tu ndiye aliyekuwa amebanwa kweli.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Swali la kwanza nalitaja kwa neno "kikohozi" na sitamki "kifua" hata mama akilitumia yeye. Nikirudia maneno yake nasema "alipokuwa anakohoa". Neno kifua naliweka akiba hadi swali la tatu. La pili nalisoma lote polepole, nanyamaza. Akisita, nalisoma tena. Mkufunzi wetu alituruhusu kufafanua kwa maneno ya mahali husika yaliyokubaliwa kwenye mafunzo: kutweta, kuhema juu juu, mbavu kuingia ndani. Yaliyokubaliwa, nasisitiza. Ukibuni lako barabarani, mwenzako wa timu ya pili naye akabuni lake, mtakuwa mmefanya tafiti mbili.

Usiigize. Nimeona wadadisi wakihema mbele ya mama kama mbwa aliyekimbizwa ili "aelewe". Mama anacheka, watoto wanacheka, halafu anasema ndiyo kwa sababu umemfurahisha. Na usimsaidie kuchagua kwenye la tatu kwa kunyanyua sauti upande mmoja. Sema "kifua" na "pua" kwa uzito mmoja, kama unayesoma majina ya watoto mapacha.

Neno jingine la kulifungia mdomoni ni "nimonia". Halimo kwenye swali na lisitoke kwako. Mama aliyesikia nimonia kwenye redio atajibu nimonia, si mtoto. Wapo wanaosema "kichomi" kwa ugonjwa huohuo, na wapo ambao kichomi kwao ni maumivu tu ya ubavu ya mtu mzima. Pumu nayo huingia humu, kwa sababu mtoto wa pumu anahema kwa shida na shida hiyo ni ya kifua kweli. Utafiti hauna namna ya kumtenganisha, na si kazi yako kumtenganisha. Ripoti yenyewe hutumia neno dalili, kwa makusudi.

Kwenye vijiji ambako mama hazungumzi Kiswahili vizuri, usikubali mume awe mkalimani. Si kwa sababu ya ubaya wake. Kwa sababu baba wengi hujibu badala ya kutafsiri: "Huyu hajaumwa," kabla mama hajafungua kinywa. Mwombe msimamizi akupangie mdadisi anayejua lugha hiyo, au mwanamke aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Na mama mkwe, kwa adabu zote, mtafutie shughuli. Mbele ya mama mkwe mtoto huwa hajambo daima.

Wewe si nesi, hata kama ni nesi

Kwenye kila kundi la mafunzo kuna wauguzi wawili watatu, na hao ndio wagumu kuwafundisha. Wanajua vipimo: mtoto wa chini ya miezi miwili akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, anahema haraka, miezi miwili hadi kumi na moja ni 50, mwaka mmoja hadi kabla ya mitano ni 40. Ni kweli, na ni vizuri kuvijua. Lakini dodoso halikuuliza wewe umehesabu ngapi leo. Limeuliza mama aliona nini kwa siku kumi na nne. Ukimwona mtoto anacheza vizuri ukamsahihisha mama, "Mbona huyu hana shida?", umefuta ugonjwa uliopona Ijumaa.

Wenzetu wa Uingereza walipotaka kujua virusi vya korona viko kwa watu wangapi, walichukua njia nyingine. Kuanzia Aprili 2020 hadi Machi 2023 ofisi yao ya takwimu ilipeleka vijiti vya kupima pua na koo kwenye kaya zilizochaguliwa, mwanzoni wahudumu wakibisha hodi, baadaye kwa posta, na ikauliza pia habari za watu ambao dalili zao hazikuisha. Binamu yangu aliyeko Leicester alipoletewa barua ya kualikwa aliniambia kwa mshangao kwamba wanamwandikia mtu mzima wakimwomba ajichokoe pua kwa manufaa ya taifa. Njia ile inakamata hata asiyejisikia kuumwa. Yetu inakamata kile mama alichokiona na alichokifanya baada ya kukiona. Hicho cha pili, naona mimi, kijiti hakikuambii.

Kuna saa moja tu ambapo unaacha udadisi. Ilikuwa Juni, wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini, baridi ile ya kukata vidole. Mama alikuwa amembeba mtoto mgongoni chini ya kitenge na shuka. Nilimuuliza kikohozi, akasema kidogo. Nikauliza kuhema, akasema, "Hapana, mafua tu." Lakini mimi nilikuwa nasikia pumzi ya yule mtoto toka nilipokaa. Nikamwomba amfungue tumwone. Chini ya mbavu kulikuwa kunadidimia kila akivuta pumzi, na alipopewa ziwa alilitema. Nilifunga kishikwambi. Dereva aliwapeleka kituo cha afya, mimi nikabaki na nyanya yake tukiwaangalia kuku.

Dalili ambazo hazisubiri swali linalofuata zijue kwa moyo: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, kifua kinadidimia, au anatoa mkoromo kooni akiwa ametulia. Ukiona mojawapo, utafiti usubiri.

Mtoto yule alilazwa, akapona. Siku ya nne nilirudi kumalizia dodoso, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikufundishwa popote. Nilipofika swali la tatu mama alijibu bila kusita: "Kifua. Daktari amesema nimonia." Siku ya kwanza angesema pua, au asingefika kabisa kwenye swali hilo, kwa sababu la pili alishalikataa. Mtoto ni yuleyule na ugonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba mama alikuwa amekutana na daktari aliyempa jina la ugonjwa. Tangu hapo nasoma tofauti za mikoa kwa jicho jingine. Mahali penye zahanati karibu, akina mama wanaweza kuonekana na watoto wengi zaidi wa kifua kwa sababu tu kuna aliyewaeleza kilichokuwa kinaendelea.

Na swali la kutafuta matibabu? Alipelekwa na gari letu. Niliandika kituo cha afya, maana ndiko alikotibiwa, kisha nikaweka maelezo kwenye sehemu ya maoni na kumwambia msimamizi. Usifiche vitu kama hivyo.

Alikwenda wapi, na baada ya siku ngapi

Mama mwenye mtoto aliyeumwa homa au kikohozi anaulizwa kama alitafuta ushauri au tiba, wapi, wapi kwingine, na baada ya siku ngapi tangu ugonjwa uanze. Siku hiyohiyo inaandikwa sifuri mbili.

"Hospitali" kijijini ni jengo lolote lenye mtu aliyevaa koti jeupe. Uliza jina lake, kisha uliza kwa balozi: ni zahanati ya serikali, ni ya masista, ni ya mtu binafsi? Duka la dawa nalo ni mahali, liandike. Kuna akina mama ambao hawalitaji kwa sababu kwao kununua dawa si "kutafuta tiba". Endelea kuuliza "Kuna kwingine?" mpaka aseme hakuna. Mganga wa tiba asili pia anaandikwa, ingawa ripoti ikihesabu waliopata huduma humweka kando. Mama akihisi unamhukumu kwa kwenda kwa mganga hatakutajia, na hutajua kwamba siku tatu za mwanzo zilipotelea huko.

Dawa, omba uione chupa au karatasi. "Rangi mbili" haikuambii ni dawa gani. "Ya maji ya pinki" haikuambii zaidi. Nimeoneshwa vidonge vya kuyeyusha vya amoksilini vikiitwa panadoli ya watoto, na mseto wa malaria ukiitwa dawa ya kifua.

Moshi utakutana nao mapema, kwenye dodoso la kaya: mnapikia nini, mnapikia wapi, ni mara ngapi mtu huvuta sigara ndani ya nyumba. Watu wanajibu haraka na wewe unaandika haraka. Angalia dari lakini. Mkuu wa kaya akisema gesi na paa ni jeusi kama kitako cha sufuria, uliza nini kinatumika mara nyingi zaidi. Mtungi mdogo wa gesi upo, ni wa chai ya asubuhi. Maharage ni ya kuni.

Kwa anayesoma ripoti

Kabla hujatangaza kwamba kikohozi kimepungua au kimeongezeka, tazama utafiti ulifanyika miezi gani. Ule wa 2015/16 ulikuwa uwanjani kuanzia Agosti hadi Februari. Wa 2022 ulianza Februari ukaisha Julai, wiki chache kabla ya sensa. Wiki mbili za Njombe mwezi Juni si wiki mbili za Njombe mwezi Novemba. Fasili nayo imebadilika kwa miaka: kuna ripoti za zamani zilizodai kikohozi kiambatane na pumzi fupi, na za baadaye zinazotazama pumzi iliyohusishwa na kifua hata bila kikohozi. Soma maelezo madogo chini ya jedwali. Na ukiona asilimia ya waliopelekwa kutibiwa imefungwa kwenye mabano, maana yake watoto waliohesabiwa walikuwa wachache, usiijengee hotuba.

Jioni

Kabla hujatoka kwenye kaya, pitia majibu ya mtoto mmoja mmoja ukiwa bado umekaa. Kishikwambi kitakukatalia ukiacha swali wazi, lakini hakitajua kama umebonyeza kifua ukikusudia pua. Vidole vyenye vumbi huteleza. Ukirudi kambini, mpitishie msimamizi watoto wote ulioandika kuwa na shida ya kuhema, umwambie mama alisema nini kwa maneno yake. Kama yupo uliyemtilia shaka, mtarudi asubuhi kabla gari halijahama eneo. Likishahama, basi tena.

Na pale palipoandikwa "kingine, taja", andika alichosema mama. Mmoja wa Pangani aliniambia kifua cha mwanawe usiku "kilikuwa kinalia kama paka aliyeshiba". Niliandika hivyohivyo, neno kwa neno. Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu na kijana wa kuhakiki takwimu kutoka Dodoma. Nilidhani nimekosea. Alitaka tu kuniambia kwamba kwenye rundo lote la "matatizo ya upumuaji" waliloandika wenzangu, lile ndilo pekee alilojua aliweke wapi.